USIPOZIBA UFA: Tuujue Udongo wa Nyumba Zetu Kabla ya Mvua

Jua la Agosti ni kali, na kila upande wa Nakivale watu wanafyatua matofali na kukandika kuta. Ni vizuri, maana mvua za Septemba hazingojei mtu. Lakini sisi walimu wa kujitolea, tukipita kuwatembelea wanafunzi nyumbani, tunaona jambo linalotutia hofu. Tunaona nyufa. Nyufa kwenye pembe za nyumba, nyufa juu ya madirisha, nyingine mtoto anaingiza mkono mzima.

Mvua za Machi hadi Mei ziliangusha kuta kadhaa jirani na shule. Ukuta mmoja uliangukia mahali watoto watatu hulala. Bahati nzuri usiku ule walikuwa kwa bibi yao, kwa sababu turubai lilikuwa linavuja. Tunasema bahati, lakini bahati si msingi wa nyumba.

Watu wengi wanatuambia: "Mwalimu, udongo ni udongo tu, lazima utaanguka. Nyumba ya kweli ni ya saruji." Mwezi huu tunataka kujibu neno hilo. Udongo una nguvu kuliko tunavyoudhani. Kinachouangusha ni maji, na ufa ndio mlango ambao maji yanapitia.

UDONGO SI MNYONGE

Kule Yemeni, katika bonde la Hadhramaut, uko mji unaoitwa Shibam. Ni nchi ya mababu wa Waarabu wengi waliohamia pwani ya Afrika Mashariki. Nyumba za Shibam ni za matofali mabichi ya udongo na majani makavu, hazikuchomwa kwa moto, na nyingine zina ghorofa saba. Nyingi ya nyumba hizo asili yake ni karne ya 16. Mwaka 1982 UNESCO iliuweka mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Huko China, mkoa wa Fujian, koo nzima ziliishi ndani ya nyumba kubwa kama ngome. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, yaani udongo wenye unyevu kidogo unaomwagwa katikati ya mbao mbili na kupigwa kwa mti mzito, tabaka juu ya tabaka. Baadhi ya nyumba hizo zimesimama zaidi ya miaka 300. Wafaransa wanaita ujenzi huo pisé. Huko kwetu Kongo jina hilo hilo watu wanalitumia kwa nyumba ya miti na matope, lakini si kitu kimoja. Hata hivyo, kushindilia si jambo geni kwetu. Kila mama aliyepiga sakafu ya nyumba yake mpaka ikawa ngumu kama jiwe anaijua kazi hiyo.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Mita moja ya ujazo ya udongo ulioshindiliwa ina uzito wa kilo 1,800 hivi. Chukua ukuta wenye urefu wa mita 3 kwenda juu. Kila sentimita moja ya mraba ya chini inabeba gramu 540 tu za ukuta ulio juu yake. Nusu kilo na kidogo! Kanuni za ujenzi wa udongo za Nyuzilandi, zilizotolewa mwaka 1998, zinataka udongo mkavu ustahimili kama kilo 13 kwa kila sentimita ya mraba kabla haujapondeka. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya mara 20 ya uzito wa ukuta. Ongeza na paa la mabati, bado nguvu inabaki.

Kwa hiyo ukuta mkavu uliofanywa vizuri hauanguki kwa kulemewa. Unaanguka kwa njia mbili. Ya kwanza, ukilowa. Udongo uliolowa unapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, unarudi kuwa tope. Ya pili, ukivutwa. Udongo unastahimili kubanwa, lakini kuvutwa hauwezi. Ukiuvuta, unapasuka. Na mambo hayo mawili yanasaidiana: ukipasuka, maji yanaingia ndani, na yakiingia, unaanguka.

KWA NINI UKUTA UNAPASUKA?

Udongo wa kujengea una sehemu tatu kubwa: mchanga na changarawe, vumbi laini, na udongo mfinyanzi, ule unaonata. Mfinyanzi ni kama gundi, ndio unaoshika mchanga pamoja. Lakini gundi hii ina tabia yake. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Mchanga hauvimbi wala hausinyai. Ukuta wenye mfinyanzi mwingi ukikauka unajivuta kutoka pande zote, na kwa sababu hauwezi kuvutwa, unapasuka. Ukuta wenye mchanga mwingi mno haupasuki, lakini unamomonyoka ukiusugua kwa kidole.

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunaona udongo mweusi wa bondeni unanata vizuri, tunasema huu ndio wenye nguvu. Kumbe ndio unaopasuka kuliko wote.

Wanafunzi wetu walifanya jaribio. Tulitengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, tukakipaka mafuta ndani ili udongo usishike. Tukajaza udongo wa bondeni uliolowa, tukaacha juani siku tatu. Ulipokauka tulisukuma vipande vyote upande mmoja na kupima pengo lililobaki: sentimita 5. Udongo wa kichuguu ulitoa pengo la sentimita 3. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, ndoo kwa ndoo, ulitoa pengo la sentimita 1 tu. Watoto walishangaa. Mmoja aliuliza, "Mwalimu, sasa ukuta wetu wa mita nne utasinyaa kiasi gani?" Tulimwachia apige hesabu. Kwa udongo wa bondeni ni zaidi ya sentimita 30. Pengo hilo haliwezi kujificha, ndilo tunaloliona kwenye kuta zetu limegawanyika kuwa nyufa.

Jaribio hili kila familia inaweza kulifanya kabla ya kufyatua tofali hata moja. Pengo likizidi sentimita 2, ongeza mchanga na upime tena.

Kama huna mbao, tumia chupa ya plastiki inayopitisha mwanga. Tia udongo hadi theluthi moja, jaza maji, weka chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache kwenye sehemu tambarare. Mchanga unatua karibu mara moja, vumbi laini linafuata, na mfinyanzi unakuja mwisho, baada ya siku nzima hivi. Utaona matabaka kwa macho yako. Kwa ukuta wa kushindilia, mchanga na changarawe ziwe kama mafungu 7 kati ya 10, na yanayobaki yawe mfinyanzi na vumbi laini. Udongo wa juu wenye mizizi na majani yaliyooza usiutumie kabisa, huo ni wa bustani. Chimba chini zaidi.

MAJI: KIDOGO NI BORA

Fundi anapenda tope jepesi kwa sababu linaingia haraka kwenye kalibu. Tunaelewa, mgongo unauma. Lakini kila tone la ziada unaloweka leo litatoka kesho, na mahali lilipokuwa panabaki uwazi. Tofali la tope jepesi linasinyaa zaidi, linapasuka zaidi, na lina nguvu kidogo.

Kwa udongo wa kushindilia kuna kipimo cha mkono ambacho hakigharimu kitu. Kamata udongo wenye unyevu, ufinye uwe donge kama yai kubwa. Nyoosha mkono usawa wa bega, uliachie donge lianguke mahali pagumu. Likibaki donge zima au likijibandika kama chapati, maji ni mengi. Likisambaa kuwa unga, maji ni machache. Likivunjika vipande vichache, maji yametosha, anza kazi.

Ukishindilia, usimwage udongo mwingi kwa mara moja. Weka tabaka la sentimita 10 hadi 15, piga mpaka lishuke na mlio ubadilike. Mwanzo utasikia mlio mzito wa kitu laini, baadaye unakuwa mkali, kama unagonga kitu kigumu. Mlio ukibadilika, weka tabaka jingine. Udongo ulioshindiliwa hauna nafasi nyingi ndani, ndiyo maana unabeba zaidi na hausinyai sana. Ukuta wa namna hii uwe mnene, angalau sentimita 30.

Kwa matofali mabichi na kukandika, ambako lazima tope liwe laini, dawa ni majani makavu. Yakate mafupi, changanya, kanyaga vizuri, uache mchanganyiko ulale siku moja au mbili kabla ya kutumia. Majani hayaondoi kusinyaa, ila yanashika udongo kama uzi unavyoshika nguo. Badala ya ufa mmoja mkubwa unapata vinyufa vidogo vidogo visivyo na madhara.

KUKAUSHA NI KAZI, SI KUSUBIRI

Tofali likiachwa kwenye jua la saa saba, ngozi ya nje inakauka na kusinyaa wakati moyo wake bado umelowa. Hapo lazima lipasuke. Lifunike kwa nyasi au majani ya migomba siku za kwanza, likauke polepole kivulini. Kisha ligeuze lisimame kwa ubavu ili upepo upite pande zote. Wiki tatu au nne ni muda mzuri. Anayeanza kufyatua katikati ya Septemba amechelewa, na anayejenga na matofali yaliyo mabichi ndani anajenga nyufa.

Tofali likikauka, lijaribu. Liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno, likitanguliza pembe. Likimeguka kona kidogo tu, linafaa. Likivunjika vipande vipande, rudi kwenye mchanganyiko wako. Ni heri livunjike tofali moja chini kuliko ukuta juu ya kitanda.

JUU NA CHINI

Mwaka 2008, mwezi wa Oktoba, mafuriko makubwa yalipita Hadhramaut na kuharibu nyumba nyingi za udongo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, sehemu ya mnara wa msikiti mkubwa wa Djenné nchini Mali ilianguka baada ya mvua nzito. Hata udongo wa mafundi mashuhuri ukilowa unashindwa. Kwa hiyo mchanganyiko mzuri peke yake hautoshi, lazima tuyazuie maji juu na chini.

Chini: jenga msingi wa mawe, upande juu ya ardhi angalau kimo cha goti la mtoto, ili matone yanayoruka yasiule ukuta. Chimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Wengi wetu tunachimba udongo wa matofali hapo hapo kando ya ukuta, na shimo linakuwa bwawa linalolowesha msingi. Chimba mbali na nyumba.

Juu: paa litokeze nje ya ukuta kadiri miti na mabati yanavyoruhusu, nusu mita ikiwezekana.

Katikati: dirisha lisikaribie pembe ya nyumba, acha kama mita moja. Mbao ya juu ya dirisha na mlango ilale ndani ya ukuta sentimita 30 kila upande. Mbao fupi inabana sehemu ndogo ya ukuta, na pale ndipo ufa wa mshazari unapoanzia.

KUSOMA UFA

Si kila ufa ni hatari. Vinyufa vyembamba kama unywele vilivyosambaa kama utando wa buibui ni kusinyaa kwa lipu tu. Ufa wa wima katikati ya ukuta mara nyingi ni kusinyaa pia: uzibe kabla ya mvua.

Ufa wa mshazari, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, unasema msingi unashuka upande mmoja. Ufa unaotenganisha kuta mbili kwenye pembe unasema kuta hazishikani. Na ukuta uliotokeza tumbo au kulala nje, huo usiubembeleze. Watoto wasilale upande huo hata usiku mmoja. Ubomoeni mchana, kwa utaratibu, kabla haujabomoka wenyewe.

Kama huna uhakika, chora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, pima nafasi kati yake na uandike tarehe. Pima tena baada ya wiki mbili. Nafasi ikiongezeka, nyumba inatembea, mwite fundi. Ikibaki ile ile, ziba.

Waliotoka Bukavu hawajasahau tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililoua watu kwao na ng'ambo ya Rusizi, Rwanda. Waliotoka Goma wanakumbuka Mei 2021, ardhi ilivyotikisika siku nyingi baada ya Nyiragongo kulipuka. Mwaka 2016, mwezi wa Septemba, tetemeko la Kagera lilibomoa nyumba nyingi Bukoba, na huko si mbali na hapa. Ukuta wenye ufa kwenye pembe ndio unaotangulia kuanguka siku kama hiyo.

Namna ya kuziba: panua ufa kwa kisu mpaka ufike sehemu ngumu, futa vumbi, nyunyizia maji kidogo, kisha sukuma ndani udongo ule ule wa ukuta uliochanganywa na mchanga na majani mafupi, ukiwa mgumu, si mwepesi. Jaza kidogo kidogo, siku mbili au tatu. Ukijaza wote mara moja nao utasinyaa.

Mwisho paka lipu ya udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe, kama majirani zetu wafugaji wanavyofanya. Tunajua wengine wanauza hata mgao wa chakula wapate mfuko wa saruji wa kupaka nje. Jamani, tufikiri kwanza. Saruji ni ngumu na udongo ni laini, havisinyai sawa, na baada ya muda lipu inaachana na ukuta. Maji yanaingia nyuma yake na hayawezi kutoka. Kwa nje nyumba inang'aa, kwa ndani ukuta unaoza.

MUNGU AKITUPA NAFASI YA ZAIDI

Saruji ina mahali pake: ndani ya udongo, si juu yake. Mashine ya mkono inayobana udongo wenye saruji kidogo ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950, na hapa Uganda mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliendeleza matofali yanayofungamana. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni. Hili ni jambo kubwa kwetu, kwa sababu kuni ndizo zinazotugombanisha na wenyeji, na akina mama na wasichana ndio wanaozifuata mbali. Kumbuka tu: tofali lenye saruji linamwagiwa maji na kufunikwa siku za kwanza, si kama lile la udongo mtupu.

Na kwa vijana wenzetu tunaongeza habari hii. Francis Kéré alizaliwa kijiji cha Gando, Burkina Faso, ambako hakukuwa na shule. Alipokuwa bado mwanafunzi Ujerumani alichangisha fedha, na mwaka 2001 shule ya Gando ilikamilika kwa matofali ya udongo uliobanwa na saruji kidogo. Paa lake pana limetokeza mbali nje ya kuta. Wanakijiji mwanzoni hawakuamini udongo utastahimili mvua, lakini walijenga wenyewe, wanaume kwa wanawake. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani.

"LAKINI HAPA SI KWETU"

Tunalisikia neno hili kila siku. "Nijenge vizuri kwa nini? Kesho tutarudi." Sisi nasi tunaomba turudi. Lakini Wanyarwanda wa kwanza walifika Nakivale mwishoni mwa miaka ya 1950, na wako walioona wajukuu wao wakizaliwa hapa. Mtoto wa miaka mitano aliye chini ya ukuta wenye ufa ana utoto mmoja tu, na anaulala hapa. Siku ya kurudi ikifika, ukuta tutauacha, lakini mikono iliyojua kuujenga tutaondoka nayo. Huko nyumbani kuna vijiji vizima vya kujengwa upya.

Basi, wazazi wetu, kabla mwezi huu haujaisha tunaomba mambo matatu. Zungukeni nyumba zenu mchana, mtazame kila pembe. Wasaidieni wajane, wazee na wagonjwa wasio na nguvu ya kukanyaga tope. Huko Djenné mji mzima hutoka mara moja kwa mwaka kupaka msikiti lipu ya udongo, vijana, wazee na watoto, na inakuwa sherehe. Sisi tunashindwaje kumpakia mama mmoja jirani? La tatu, fukieni mashimo ya matofali au yazungushieni miiba. Mvua ikiyajaza yanazaa mbu, na mtoto akitumbukia hakuna anayesikia.

Kisanduku cha kupimia udongo kiko shuleni. Leteni udongo wenu kwenye kopo, wanafunzi watawapimia bure na kuwaelezea wenyewe. Wanajua vizuri, na watafurahi kuwafundisha wakubwa.